Nilifagia mavi ya panya makavu ndani ya depo, sasa nina homa. Je, ni hii Hanta?

Mama_Depo (Goma)

Jambo wote. Mimi nauza maharagi kwa jumla hapa Birere, mwaka wa 16 sasa. Yanatoka Rutshuru, na msimu wa viazi naongeza viazi vya Kibumba. Nina depo mbili zinazoshikana: ukuta wa mawe ya volkeno, mabati juu, mlango wa chuma. Wanaojua Goma wanajua kuta zetu. Mbele simenti imepakwa ipendeze, nyuma jiwe limekalia jiwe, na katikati unaingiza mkono mpaka kiwiko. Humo panya ndiye mwenye nyumba, mimi mpangaji tu.

Vita vilipoingia mjini Januari 2025 nilifunga zote mbili nikavuka mpaka kwa dada yangu Gisenyi, Rwanda. Niliporudi nikaanza upya kwa meza sokoni, kopo kwa kopo, maana pesa ilikuwa imekauka mji mzima. Depo ya nyuma sikuifungua mpaka mwezi huu wa saba. Nilikuwa nimeacha magunia 11.

Siku ya kufungua, harufu ya mkojo ilinitoa machozi kabla sijavuka kizingiti. Juu ya magunia mavi yalikuwa yametapakaa kama mchele mweusi uliomwagika. Kwenye kona kulikuwa na kiota kikubwa cha nyuzi za gunia na karatasi za daftari langu la madeni. Wadeni wangu panya amewasamehe wote. Ndani vitoto sita, vyekundu, macho hayajafunguka.

Mimi na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, tulifunga mlango ili vumbi lisimfikie jirani anayeuza unga wa muhogo, halafu tukafagia. Kavu hivyo hivyo, ufagio wa vijiti. Vumbi lilikuwa zito, mwanga wa tochi ulisimama hewani kama fimbo. Mimi nilijifunga kitenge puani, kijana hakujifunga kitu. Tulipotoka tulitema makohozi meusi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatano homa ikanishika, kichwa, mapaja, na kiuno kinauma kama nimebeba gunia mwenyewe. Kijana anakohoa tu. Usiku wa jana mpwa wangu akanitumia sauti ya WhatsApp: eti kuna kirusi cha panya kinaitwa Hanta, kimemuua mke wa mwigizaji mkubwa wa Marekani, ukivuta vumbi la mkojo wa panya mapafu yanajaa maji, dawa hakuna. Nimeisikiliza mara tatu. Sikulala.

Nauliza: ni kweli au ni yale yale ya WhatsApp? Huku kwetu kipo? Ninaweza kuwaambukiza wajukuu? Nina wawili nyumbani. Na depo ya mbele bado sijaigusa, nayo imejaa mavi. Nifanyeje, na magunia je?

Msinijibu "nenda hospitali" mkaishia hapo. Nitakwenda. Nataka nifike nikijua nitakachosema.

Chukudu_Majengo (Goma)

Mama pole, ila paka wawili wanamaliza kesi. Sisi tunabeba magunia kila siku, panya anaruka kutoka kwenye gunia anakaa shingoni mwa mtu, anashuka soko la Virunga bila kulipa, na tuko hai.

Bibi_wa_Ndosho (Goma)

Chemsha majani ya kongobololo, kikombe asubuhi, kikombe jioni, siku tatu. Homa ya aina yoyote inatoka na jasho. Mama yangu alitulea kwa hiyo.

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Mama, pole sana. Mimi ni muuguzi hapa Kadutu. Mtaani wananiita munganga, yaani daktari, lakini siyo. Nitaanza na la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: depo ya mbele ifunge, na mtu asiingie na ufagio mpaka nimalize kuandika.

Sasa homa. Goma au Bukavu, mtu akiwa na homa, kichwa na maumivu ya mwili, tunaanza na malaria mpaka kipimo kikatae. Ni tone la damu kidoleni, robo saa au zaidi kidogo unapata jibu. Bibi wa Ndosho atanisamehe, kongobololo ni chungu na wengi wanaipenda, lakini haikuambii una ugonjwa gani. Kitu kingine: usinywe diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya kiuno. Najua zinauzwa kila kona hapo Birere, kipande kipande. Kama shida iko kwenye figo, unazipiga teke zikiwa chini. Parasetamoli inatosha.

Kuhusu Hanta: sauti uliyosikiliza haikudanganya, imekuchanganyia tu. Betsy Arakawa, mke wa Gene Hackman, alikufa Februari 2025 nyumbani kwao Santa Fe, New Mexico, na mamlaka za huko zilitangaza kwamba ni Hanta ya mapafu. Walipokagua eneo la nyumba, walikuta dalili za panya kwenye vibanda vya nje. Kwa hiyo ugonjwa upo, na njia ni hiyo hiyo: mkojo, mavi na mate ya panya yanakauka, yanageuka vumbi, vumbi linaingia puani. Kuumwa na panya kunaweza kuleta pia lakini ni mara chache. Mtu anaogopa meno, kumbe wa kuogopwa ni ufagio.

Na usitafute panya mgonjwa. Kirusi hiki hakimsumbui mwenyewe. Anakibeba, anakula vizuri, anazaa, na mkojo wake unaendelea kukitoa.

Pale WhatsApp ilipokuchanganya ni hapa: Hanta ni ukoo wa virusi vingi, na kila kimoja kina mnyama wake. Vile vya Amerika vinashambulia mapafu, na hivyo ndivyo vikali: kile cha New Mexico kinaua zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu wanaougua. Vya Asia na Ulaya vinashika zaidi figo, na homa, na wakati mwingine kutokwa damu. Kimoja kinachowapata sana watu wa Finland, cha panya wa msituni, kinaua chini ya mtu mmoja kwa 100. Jina moja tu, uzito tofauti kabisa, kama kusema "nyoka".

Afrika? Mwaka 2006 kilitangazwa kimoja kutoka Guinea, katika panya wa msituni, wakakiita Sangassou kwa jina la kijiji. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya damu za watu wa misitu ya mvua, Côte d'Ivoire na hapa Kongo, na wachache walikuwa na kinga inayoonyesha waliwahi kukutana na kirusi cha ukoo huo. Kwa hiyo siwezi kukuambia "hiyo ni ya wazungu, lala". Wala siwezi kukuambia depo yako inacho.

Wajukuu: kati ya Hanta zote, inayojulikana kupita mtu kwa mtu ni ya Andes, ya Argentina na Chile. Kijijini Epuyén, Argentina, mwishoni mwa 2018 mtu mmoja alikwenda kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa akiwa na homa. Mpaka inakwisha 2019, watu 34 walikuwa wameugua na 11 wamekufa. Zingine hazijulikani kufanya hivyo. Usiogope wewe kuwaambukiza wajukuu, ogopa wakicheza na kile kitenge ulichojifunga puani. Kimefuliwa?

Sasa swali langu kwako, na ujibu kwa tarehe. Hanta ya mapafu huchukua wiki 1 mpaka 8 kutoka siku ya vumbi hadi homa. Ya figo mara nyingi wiki 1 au 2. Jumamosi hadi Jumatano ni siku 4. Ni mapema mno. Lakini je, Jumamosi ndiyo mara ya kwanza kuingia humo?

Ukifika kituoni, usianze na neno Hanta. Watacheka au wataogopa, na vyote viwili havikusaidii. Sema: "Depo ilifungwa miezi mitano, nilifagia mavi makavu ya panya tarehe fulani, homa ilianza tarehe fulani." Wakupime malaria, na waangalie mkojo. Mwenye akili akisikia panya na homa atawaza mambo yetu kwanza: leptospirosi, inayotoka kwenye mkojo wa panya kupitia maji na vidonda, macho yanakuwa mekundu au ya njano, na tauni, ambayo wenzetu wa Ituri hawajaachana nayo, ile inaletwa na viroboto vya panya na mtu anavimba kinena au kwapa. Hizo zote mbili zina antibiotiki, na kuchelewa ndiko kunakoua. Hanta haina dawa yake hasa. Ribavirini imesaidia ile ya figo ikianzwa mapema, lakini kazi kubwa ni oksijeni, maji kwa kipimo, na mashine ya figo kwa anayeihitaji.

Ukianza kukosa pumzi hata umekaa, au mkojo ukipungua, au ukiona damu mahali isipostahili, usingoje asubuhi.

Ya usafi nitaandika nikimaliza zamu.

Mama_Depo (Goma)

Mwanangu, Mungu akubariki. Kitenge kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Sasa kiko kwenye beseni la sabuni na nimeosha mikono mpaka ngozi imekunjamana.

Umenishika kwa tarehe. Nilisahau. Mwisho wa mwezi wa sita niliingia peke yangu kutoa mizani, ilikuwa nyuma ya magunia, nikapanda juu yake kuivuta. Nilikaa humo labda dakika 20. Nimehesabu kwa vidole mara mbili: mpaka homa ni siku 17.

Na diklofenaki nimekwisha kunywa, mbili jana, moja leo. Nimeacha.

Kituoni nilikwenda. Mpokeaji, kabla sijafika kwa muuguzi, nikakosea nikasema Hanta, akacheka kwa sauti: "Mama, hiyo ya filamu." Watu wa benchi wote wakanigeukia. Muuguzi mwenyewe alinisikiliza vizuri nilipompa zile tarehe, akaandika. Kipimo cha malaria: mimi ninayo, kijana hana. Wamenipa dawa za siku tatu. Mkojo wamesema kuna protini kidogo, nirudi baada ya siku tatu.

Sasa nifurahi au nisifurahi?

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Furahi nusu. Malaria ipo, inatibika, na inaweza kueleza kila kitu ulichokitaja, hata ile protini. Lakini huku kwetu mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na ugonjwa mwingine juu yake, kwa hiyo kipimo kuonyesha malaria hakifungi mlango wa pili. Siku 17 zinaingia kwenye hesabu, siwezi kukuficha.

Fanya hivi: maliza dawa zote hata ukijisikia mzima kesho. Chukua kopo moja, la kazi hiyo tu, upime mkojo wako kwa siku tatu, uandike. Homa ikishuka siku ya pili au ya tatu na kopo linajaa kama kawaida, ndiyo habari nzuri. Kijana naye hesabu zake zinaanza Jumamosi ile. Kikohozi cha siku hizi za kwanza ni vumbi lenyewe, lakini akipata homa kabla ya wiki nane kwisha, arudi kituoni na aseme habari ya depo bila kungoja kuulizwa.

Na huyo wa kucheka, siku nyingine mwambie Ebola nayo ilikuwa ya filamu kwa wenzetu wa ng'ambo.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Nimesoma yote. Mimi ni mwalimu wa biolojia mstaafu, mke wangu ana stoo ya mahindi, kwa hiyo panya nawajua kwa kitabu na kwa hasara.

Muuguzi ametaja Ebola, niongeze kidogo, mtanisamehe, tabia ya darasani haiishi. Hanta ni jina la mto, Hantan, huko Korea. Wakati wa vita vya Korea, miaka ya 1951 hadi 1953, askari zaidi ya 3,000 wa majeshi ya Umoja wa Mataifa waliugua homa, figo zikafa, wakatokwa damu, na hakuna aliyejua ni nini. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1976, Mkorea Ho Wang Lee akakikuta kirusi kwenye mapafu ya panya mdogo wa mashambani mwenye mstari mweusi mgongoni. Mwaka huo huo wa 1976, Yambuku kwetu, profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alikuwa anachukua damu ya watu waliokuwa wanakufa kwa ugonjwa usio na jina, nao ukaja kupewa jina la mto, Ebola. Mito miwili, mwaka mmoja. Wanafunzi wangu walikuwa hawasahau hiyo hata wakisahau mengine yote.

Cha Marekani nacho kina kisa. Mwaka 1993, pale majimbo manne yanapokutana, vijana wazima, wanariadha, walianza kufa kwa kukosa pumzi. Mvua zilikuwa zimenyesha kuliko kawaida, mbegu za misonobari zikajaa, panya wakala, wakazaa, wakaingia majumbani. Walipotaka kukipa kirusi jina la bonde la pale, wenyeji walikataa mahali pao pachafuliwe. Mwishowe kikaitwa Sin Nombre, Kihispania cha "kisicho na jina". Watu wa mto Ebola hawakuulizwa.

Sasa kazi. Mvua nyingi, chakula kingi, nyumba iliyofungwa: Mama, depo yako ilikuwa na vyote ila misonobari. Hivi ndivyo tunavyofanya kwenye stoo ya mke wangu tangu 2019, mwaka niliofagia kavu kama wewe nikakohoa wiki mbili.

Fungua mlango na dirisha, ondoka, kaa nje nusu saa au zaidi. Usiingie na feni. Javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: lita 2 kwa maji lita 18, hiyo ni bidoni moja kamili, na uichanganye siku hiyo hiyo, ya jana imelala. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo, mtatoka humo mkilia. Kama javeli ni ghali, maji ya sabuni ya unga mengi, mazito, nayo yanafanya kazi, kwa sababu kirusi hiki kimevaa koti la mafuta na sabuni inamvua. Mwagia taratibu kwa kopo lenye matundu au tawi la majani, usirushe kwa nguvu, ukirusha umefanya kazi ya ufagio. Acha mavi yalowe dakika 10. Yakishakuwa kama uji, yafute na matambara, tambara ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko wa pili. Glavu za mpira, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hakuna. Barakoa ya kitambaa inazuia kidogo tu, usiiamini, amini maji.

Maharagi ndiyo shida, najua, huwezi kuyamwagia javeli. Lowesha gunia juu juu, kwa nje, ulitoe polepole bila kulipiga chini, ulipeleke juani. Lililotobolewa lina mavi ndani: mwaga juu ya turubai, upepo ukiwa mgongoni kwako, siyo usoni, jua la siku nzima, geuza. Mabonge yaliyoshikana kwa mkojo tupa. Mwenye kuyala yakiwa yamechemka saa mbili hana shida na kirusi, moto umekwisha kukiua. Walio hatarini ni mwanamke anayepepeta na kijana anayebeba.

Chukudu_Majengo (Goma)

Ngoja. Anayebeba?

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Ndiyo, wewe. Gunia liko begani, sikio na pua viko sentimita ngapi kutoka hapo? Ukilipiga kofi lishuke vumbi, umelivuta lote. Usilipige. Lifute kwa tambara lenye maji kabla ya kulipandisha, na ukimaliza siku osha shingo na mikono kabla ya kula, siyo baada.

Chukudu_Majengo (Goma)

Sisi wote tunalipiga. Ndiyo namna ya kulikalisha vizuri kwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Sawa, nimesikia. Na paka?

Muuguzi_Kadutu (Bukavu)

Paka ni mzuri kufukuza wachache, hamalizi depo. Tena paka akikamata panya anakuletea mezani umsifu.

Kuziba ndiyo kazi. Panya mdogo anapita kwenye tundu la kalamu. Kwenye mawe ya Goma, steelwool ya kusugulia sufuria ishindilie kwenye pengo, simenti juu yake; simenti peke yake anaikwaruza mpaka anapita. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, uweze kupita nyuma na kuona. Mitego ndiyo, ile ya kubana. Sumu ya vipakiti vya barabarani, ndani ya depo ya chakula, yenye wajukuu karibu, hapana kabisa. Kila mwaka tunapokea mtoto aliyedhani ni pipi.

Jambo moja lingine, hasa kwa wanaosoma kutoka Ituri: ukikuta panya wengi wamekufa wenyewe bila mtego na bila sumu, usiwaguse na usianze kuua waliobaki. Viroboto vinamwacha panya aliyekufa vinatafuta damu nyingine, na wewe ndiye uliye karibu. Toa habari kituo cha afya kwanza.

Mama_Depo (Goma)

Nimerudi. Siku ya tisa leo tangu homa ianze.

Homa ilishuka siku ya pili ya dawa, usiku, nililoa jasho mpaka godoro. Kopo la mkojo niliandika kama mlivyosema, kwenye daftari jipya la madeni, ukurasa wa kwanza. Mjukuu akauliza nani ananidai. Nilirudi kupima, protini hakuna. Muuguzi wa pale akaniuliza nilijuaje kusema tarehe vizuri hivyo. Nikamwambia nina mtoto Kadutu. Kijana kikohozi kimeisha, nimemwandikia tarehe ya wiki nane ukutani kwa makaa, anapita anaicheka.

Depo ya mbele tumeifanya jana. Mlango wazi tangu saa moja asubuhi, tukakaa nje kwa jirani wa muhogo, anatuangalia kama wenda wazimu. Bidoni tatu za javeli, nne za sabuni. Mwalimu, ulisahau kutuambia harufu ya javeli juu ya mkojo wa panya, tulitoka mara mbili kupumua. Lakini vumbi hapana. Nilimulika tochi kusudi, mwanga ulikwenda mpaka ukutani haukusimama popote.

Kulikuwa na magunia 7. Manne mazuri, yako juani juu ya turubai. Mawili nimepunguza nusu. Moja nililifungua nikalifunga tena, ni la kutupa lote, kilo 100. Kuna mama mmoja alinifuata akitaka nimwuzie kwa bei ya chini, "mimi nitayaosha". Nilimjua, ana watoto watano. Nilimkatalia, akaondoka amekasirika, na mimi sikujisikia vizuri mpaka jioni. Nimempa kopo sita za yale mazuri leo asubuhi. Amepokea, hajanisalimia.

Shida iliyobaki: ile mifuko miwili-miwili ya matambara, na panya waliokufa mtegoni, sita mpaka leo. Kila ninayemwuliza anasema zika. Nizike wapi? Hapa chini ni lava ya volkeno ya 2002, jembe linatoa cheche. Choo cha nyuma ni cha watu wengi na kimekaribia kujaa.

Chukudu_Majengo (Goma)

Mama, kuna shimo wanachomea taka njia ya kwenda Kituku, namjua anayelilinda. Wamwagie javeli kabla ya kufunga mifuko. Nitakuja kesho saa kumi na mbili kabla jua halijawa kali, na hilo gunia la kutupa nalipeleka pia, tambara lenye maji niwekee mlangoni. Kwa gunia nitalipisha. Kwa panya silipishi, wamepanda bure miaka yote hii.

Mama_Depo (Goma)

Saa kumi na mbili. Chai itakuwepo, na sabuni iko kwenye beseni karibu na mlango. Unaosha kwanza.